Mzee Asipoteze Nyumba: Hatua kwa Hatua kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa afisa ustawi wa jamii aliyeripoti karibuni kwenye halmashauri. Jalada la mzee mwenye shida ya makazi mara nyingi hufika mezani likiwa na jibu tayari: "Apelekwe makazi ya wazee." Usianzie hapo. Mzee aliyezoea kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba yake, na majirani zake anaumia akihamishwa, na nyumba ikibaki tupu hata miezi michache, hakosekani wa kuingia. Kwanza tafuta namna ya kumbakiza pale pale, akiwa salama.

Hatua ya 1: Msikilize peke yake

Nenda na balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa ili upokelewe vizuri. Mkishaamkiana, omba kuzungumza na mzee bila ndugu. Mwanawe akiwa ameketi pembeni, utaambiwa "tunaishi vizuri tu." Uliza wazi: "Bibi, wewe mwenyewe unataka ulale wapi?" Andika jibu kwa maneno yake. Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kichaga, Kimeru au Kimaasai, mkalimani asiwe mtu wa familia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafaa.

Hatua ya 2: Kagua nyumba kwa macho na mikono

Ingia mchana, funga mlango na dirisha, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga kwenye bati ni tundu la mvua. Shika godoro upande wa chini. Likiwa na unyevu, mzee analala majini hata kama sakafu imekauka. Gusa kiambaza karibu na msingi: udongo ukimomonyoka kwa kidole, tatizo ni maji yanayotiririka kutoka paani na kuchimba ukuta, kwa hiyo kuziba nyufa peke yake ni kupoteza hela. Hesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni, kisha mwombe mzee atembee mwenyewe kama anaweza. Hapo utaona anaposhika ukuta na anapoyumba.

Hatua ya 3: Jua nyumba ni ya nani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowatupa wazee nje. Uliza kama kuna hati, leseni ya makazi, hatimiliki ya kimila au karatasi ya mauziano tu. Linganisha jina lililoandikwa na la kwenye kitambulisho cha NIDA. Uliza pia kama amewahi kuweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa.

Kwa mjane, tafuta habari za mirathi. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi, lakini anayemteua ni mahakama. Na msimamizi si mwenye mali: kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Wengi wanaouza nyumba juu ya kichwa cha mama yao wanajiita wasimamizi bila karatasi yoyote ya mahakama, kwa hiyo omba uione. Kama mume yuko hai na anataka kuuza kwa siri, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na ukiambiwa "mila yetu mwanamke hapati ardhi," Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeshaibatilisha mila ya namna hiyo.

Dalili za nyumba kuuzwa zikionekana, mpeleke mzee kwa msaidizi wa kisheria siku hiyo hiyo, na uandike barua kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa kwamba kuna mgogoro, asishuhudie mauziano. Baki na nakala iliyogongwa mhuri. Shauri la ardhi huanzia Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hatua ya 4: Kikao cha familia

Uchagani, kwa desturi, nyumba ya wazazi huangukia mtoto wa kiume wa mwisho, naye ndiye hutarajiwa kuwatunza. Anza na huyo. Aliyeko Dar es Salaam aingie kwa simu. Msikubali "tutasaidiana." Muhtasari uandike nani analeta nini na tarehe gani: mmoja bati, mwingine fundi, mwingine chakula cha kila mwezi. Wote wasaini, mzee naye apewe nakala.

Hatua ya 5: Matengenezo

Paa la mgongo lenye urefu wa mita 6, mteremko mmoja kila upande, hula bati 18 za mita 3, kwa sababu kila bati ikishalaliwa hufunika kama sentimita 70. Ongeza kofia, yaani bati za kufunika mgongo wa paa. Nunua geji 28. Geji 30 ni rahisi lakini ni nyembamba. Simama na fundi: msumari upigwe kwenye mgongo wa wimbi la bati. Ukipigwa bondeni, maji yatapita hapo mvua ya kwanza. Kabla ya bati, chokonoa mbao za kenchi kwa bisibisi, maana bati mpya juu ya mbao zilizoliwa na mchwa huanguka na msumari wake.

Chooni, chimbia bomba la chuma ukutani, kimo cha sentimita 75 hivi, na ujaribu kwa kuning'iniza uzito wako. Kitanda kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 50, miguu ya mzee ifike chini akiketi.

Hatua ya 6: Akiwa mpangaji

Wenye nyumba wengi wa Ngarenaro au Pasua hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo. Jadili ilipwe kwa miezi michache, kwa mkataba na risiti. Usitegemee fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kulipa pango. Ni za kaya nzima na chakula hutangulia.

Hatua ya 7: Makazi ya wazee

Makazi kama ya Njoro, Moshi, ni ya asiyejiweza na asiye na ndugu wa kumtunza. Taarifa yako ya uchunguzi ionyeshe ndugu waliotafutwa, kwa njia gani na walijibu nini. Ambatisha barua ya serikali ya mtaa au kijiji na taarifa ya daktari. Andika pia mali anayoiacha na nani ameikabidhiwa, vinginevyo shamba litauzwa akiwa huko.

Ufuatiliaji

Rudi baada ya wiki mbili, kisha miezi mitatu, kisha kila Februari kabla ya masika. Ukikuta mpangaji mpya kwenye chumba cha pili, uliza kodi inapokelewa na nani, kisha fungua tena ukurasa wa hatua ya 3.