Smuthi ya mtoto haichujwi

Wazazi wengi husaga matunda vizuri kabisa, kisha huyapitisha kwenye chujio ili mtoto anywe kitu laini. Hapo umeshatengeneza juisi: sukari imeingia kikombeni, nyuzinyuzi zimebaki kwenye makapi. Kama mtoto hapendi mapande, saga zaidi, usichuje.

Kipimo changu kwa watoto watatu waliotimiza mwaka: ndizi mbivu moja, embe lililokatwakatwa nusu kikombe, robo ya parachichi, mtindi usio na sukari nusu kikombe, na maji robo kikombe.

1. Usiku, menya ndizi, ikate vipande na uigandishe. Chagua yenye madoadoa meusi kwenye ganda. Hiyo ndiyo tamu. Ikishaganda inafanya kazi ya barafu na ya sukari kwa pamoja.

2. Osha matunda yote kabla ya kukata, hata ya kumenywa. Kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani ya nyama ya tunda.

3. Tanguliza maji na mtindi kwenye jagi la blenda, fuatisha embe na parachichi, ndizi iwe juu. Ukianza na vilivyoganda, visu vitazunguka bure. Saga sekunde 30, zima, kwangua pembeni kwa mwiko, saga tena. Sikiliza: mwanzoni inagongagonga, halafu sauti inatulia na kuwa mvumo mmoja. Hapo imeiva.

Parachichi usiliruke. Mafuta yake huusaidia mwili kufyonza ile rangi ya njano ya embe ambayo mwili huigeuza vitamini A.

4. Onja. Haijakolea utamu? Ongeza ndizi, si sukari. Asali usimpe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli), na tumbo lake bado halijaweza kuvizuia.

5. Ukitaka kutia mchicha, anza na majani matatu tu na uongeze chungwa lililomenywa na kutolewa mbegu. Vitamini C yake husaidia madini ya chuma ya mchicha kufyonzwa. Ongeza jani moja moja kila wiki, maana mtoto akikataa ile rangi ya kijani siku ya kwanza, kumrudisha ni kazi.

Nanasi na papai bichi (yaani lisilopikwa, hata kama limeiva) yana vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa. Niliwahi kusaga papai na maziwa usiku nikaweka kwenye friji. Asubuhi mtoto alipiga funda moja, akakunja uso, akanirudishia kikombe bila kusema neno. Nilipoonja, ilikuwa chungu kweli. Matunda hayo yasage na maji, au mpe anywe papo hapo.

6. Mimina kwenye kikombe cha wazi, anywe mezani pamoja na chakula, amalize. Usimwekee kwenye chupa ya kunyonya akazunguka nayo mchana kutwa. Meno yanaloa sukari muda wote. Uingereza hushauri juisi na smuthi zisizidi mililita 150 kwa siku kwa pamoja, nami nafuata hapohapo.

Iliyobaki igandishe kwenye vikombe vidogo vyenye vijiti, wailambe kesho baada ya chakula cha mchana.