Hela ikikata nyumbani: tunavyojibana huku Tanga, na wapi pa kusema mapema

Naandika hii nikiwa Makorora, Tanga mjini, kwa ajili ya mama au baba ambaye mwezi huu kila akipiga hesabu haitoki. Mume wangu ni kibarua wa kubeba mizigo, mwaka jana siku zake za kazi zilishuka kutoka sita kwa wiki mpaka mbili, mi nauza maandazi asubuhi, watoto watatu wanasoma. Kwa hiyo nayoandika hapa tumeyapitia, na kuna mengine tuliyakosea kwanza ndo tukajua. Kubwa kuliko yote ni kwamba kilichotuumiza zaidi sio ile hela kupungua, ni kuficha. Tulificha kwa mwenye nyumba, tukaficha kwa ndugu, tukaficha shuleni, mpaka siku kodi ya chumba imefika tukakimbilia pale ambapo hawakuulizi kitu ila wanakumaliza. Ntafika huko.

Anza na daftari. La madukani hili la kawaida, na kalamu ifungwe kwa uzi isipotee. Siku 7 andika kila shilingi inayotoka, hata 200 ya barafu ya mtoto, hata 500 ya boda, hata vocha. Usijirekebishe kwanza we andika tu kama mnavyoishi siku zote. Na mume aandike zake, kama hataki muulize jioni kwa upole akiwa ameshakula. Mi siku ya saba nilikaa jikoni nikajumlisha nikakuta mafuta ya kula peke yake, nanunua ya kupima ya 500 asubuhi na ya 500 jioni, ni 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi, na sijawahi hata siku moja kuona dumu ndani kwangu. Sukari hivyo hivyo, sabuni ya unga ya vipakti hivyo hivyo. Yaani sisi wenye hela ndogo ndo tunanunua kwa bei kubwa, manake anayekupimia naye lazima apate chake kwenye kila kijiko.

Sasa utasema dumu zima ntalipata wapi na hela yenyewe ya siku. Ni kweli, peke yako huwezi, ndo maana sisi tupo wanne hapa uani. Tunaweka 1,000 kila mtu kila siku kwa mmoja tunayemwamini, hela ikitimia tunaenda duka la jumla tunachukua dumu la lita 20, tunagawana lita 5 kila mtu kwa chupa za maji zile kubwa. Mwezi unaofuata tunafanya unga, unaofuata sabuni. Msianze na vitu vitatu kwa mpigo mtagombana. Na mgawanyo ufanyike wote mpo, saa hiyo hiyo, sio mmoja apeleke kwake halafu wengine wafuate kesho.

Kwenye kula ndo pa kuokolea sana lakini pia ndo pa kuumizia watoto ukikosea. Usikate uji wa mtoto. Kata vingine vyote kabla hujagusa uji wa mtoto na chakula cha mjamzito. Uji wa dona ukitia karanga za kusaga kidogo mtoto anashiba mpaka mchana.

Kitoweo, sisi watu wa pwani tuna bahati ila lazima ujue mwezi, na nasema mwezi wa angani. Dagaa na uono wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo kwenye giza wanapatikana kwa wingi na bei inashuka, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti vizuri, vyombo vingi vinapumzika na bei inapanda. We angalia tu juu usiku. Siku za giza amkeni wawili watatu mwende soko la samaki la Deep Sea mapema, kule mnadani mtu anauza ndoo nzima, mkichanga mnaichukua kwa pamoja, mnarudi mnaosha, mnatandaza juani juu ya mkeka safi, mnageuza mchana, jua zuri siku mbili wamekauka. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Hao wanakuvusha mbalamwezi yote bila kununua fungu la bei mbaya. Na kipindi cha kusi bahari ikichafuka samaki wanakuwa ghali kwa wiki nzima nzima, hapo ndo utashukuru ile ndoo.

Wali kila siku tumeacha. Tunapika bada, yaani ugali wa unga wa muhogo. Najua wapo wanaosema bada ni chakula cha shamba lakini bada la moto na mchuzi wa dagaa wa nazi au mchunga, mbona wazee wetu wamekula na wamesomesha. Muhogo huku Tanga haukosekani, nunua mbichi ukaukaushe makopa mwenyewe, utwange au upeleke mashineni. Angalizo moja la maana, muhogo mchungu usiule hivi hivi, una sumu, lazima uloweke na ukauke kabisa, kama huujui aina yake muulize anayeuza. Shelisheli likiwa msimu linachemshwa kama kiazi, fungu moja linalisha watoto asubuhi. Tembele na kisamvu hata kwenye viroba viwili vitatu nyuma ya nyumba vinaota, maji ya kuoshea mboga ndo unamwagilia.

Mkaa. Maharage ndo yanakula mkaa kuliko kitu chochote, nami nimepunguza hivi: jioni naloweka, asubuhi namwaga yale maji, naweka maji mapya naweka motoni yachemke kwelikweli dakika 20 mfuniko umefungwa. Nina kapu kubwa la ukili, ndani nimetandika blanketi bovu na vitenge vilivyochakaa, katikati nimeacha shimo la ukubwa wa sufuria. Naepua sufuria bila kufunua, naitumbukiza mle, juu naweka mto, nafunga na kanga. Naenda zangu kuuza maandazi. Nikirudi saa saba nafunua moshi unanipiga usoni, yamelainika, nayarudisha motoni kidogo tu yakolee nazi na chumvi. Usiruke zile dakika 20 za kuchemka, maharage mekundu yakiwa hayajachemka vizuri yanaumiza tumbo. Wali nao unaivia mle mle.

Umeme sasa, hapa wengi tunapigwa bila kujua. Kuna tarifu, yaani daraja la bei, ya watumiaji wadogo, D1, ambayo ukitumia mpaka uniti 75 kwa mwezi unalipa kama shilingi 122 kwa uniti ukichanganya na kodi. Tarifu ya kawaida, T1, ni kama 356. Ukinunua wa 10,000 ukapata uniti 28 hivi basi we upo T1. Kama nyumba yako ni taa, simu na tivi, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, uombe waangalie matumizi yako ya miezi iliyopita kama unaweza kushushwa. Ila mkiwa wapangaji wanne kwenye mita moja uniti 75 mnazivuka mapema, hapo njia ni kila mtu na mita yake. Na ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, usiponunua miezi mitatu itakusubiri 4,500 kwa mpigo usidhani umeibiwa. Kama umepanga, hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo tunza meseji za LUKU umwoneshe mkatane kwenye kodi ya chumba. Wangu alikubali nilipomwonesha.

Haya, madeni. Mi nilichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Kodi ya chumba ilikuwa imefika, nikaona aibu kumwambia mwenye nyumba, nikaenda kwa watu ambao siwataji, wakanipa 100,000 jioni hiyo hiyo, rejesho 5,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu, ni 130,000 kwa mwezi mmoja. Siku ya tisa mume hakupata kazi, nikakopa kwingine nikalipe rejesho, siku ya kumi na nne wakaja watu wawili wakabeba jiko la gesi mbele ya wanangu. Halafu nilipokuja kumwambia mwenye nyumba ukweli akasema mbona ungesema tu, lete nusu sasa nusu mwisho wa mwezi. Nililia.

Kwa hiyo kabla hujasaini popote, jua kwamba Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwenye laki moja hiyo ni 3,500 kwa mwezi, sio 30,000. Omba kuona leseni, omba mkataba wa Kiswahili, omba nakala. Anayetaka umwachie kadi ya benki na namba ya siri, ondoka. Zile za kwenye simu ndo uwe makini zaidi, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, na ndo hawa wanaotuma meseji kwa kila mtu kwenye simu yako kwamba fulani ni mdaiwa. Kama umeshaingia, usikope kwingine ili ulipe. Nenda kwao na mtu mzima mwingine, sema kwa siku unaweza kiasi gani, waandike, wote msaini.

Cha kukimbilia kiwe kikoba. Cha watu mnaofahamiana, mnaokutana kila wiki, hela inahesabiwa mbele ya wote na sanduku lina kufuli tatu na funguo zipo kwa watu watatu tofauti. Uliza kama wana mfuko wa jamii, ule wa shida za msiba na ugonjwa, manake huo mara nyingi hauna riba.

Msaada wa serikali upo ila haukufuati ndani. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wajue hali yako, hao ndo wa kwanza. TASAF, ule mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, walengwa wanatambuliwa kwenye mkutano wa mtaa, wananchi wenyewe wanataja na wanahakiki, sasa kama hukwenda mkutanoni na hakuna anayejua shida yako nani akutaje? Hauandikishi kila siku, kwa hiyo uliza lini utambuzi unafanyika. Ukiingia, malipo yamekuwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya hela inategemea watoto wahudhurie shule walau asilimia 80 na wadogo wapelekwe kliniki.

Hospitali, watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo, sera inasema watibiwe bila malipo. Mzee awe na kitambulisho chake cha msamaha, kinaanzia kwa mtendaji. Na hata usipokuwa kwenye makundi hayo, kila hospitali kubwa, Bombo ya hapa Tanga ikiwemo, ina afisa ustawi wa jamii. Mtafute siku ya kulazwa sio siku ya kuruhusiwa bili imeshafika juu, beba barua ya mtaa.

Shule, ada ilifutwa Januari 2016 mpaka kidato cha nne, baadaye wakaongeza cha tano na sita. Vinavyotubana ni sare, madaftari na michango. Mwalimu mkuu umwendee wewe kabla mtoto hajaanza kujificha chooni siku ya kuulizwa michango, mi wa kwangu alifanya hivyo na sikujua mwezi mzima. Nilipokwenda nikapewa kulipa kidogo kidogo na mwalimu mmoja akampa sketi ya binti yake.

Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, na biashara inayoonekana. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usiiombe kwa ajili ya unga, inachukua muda na ni ya biashara kwelikweli, marejesho lazima yatoke kwenye biashara.

Msikitini na kanisani pia. Zaka ina watu wake na fukara ametajwa wa kwanza, kwa hiyo kumwendea imamu faraghani baada ya sala sio kuomba omba. Jumuiya ndogo ndogo kanisani nazo zinasaidia sana, mwone kiongozi.

Mwisho ni kwa ndugu na jirani, na hapa wengi tunakosea maneno. Tunasema "hali mbaya shangazi" halafu tunanyamaza, naye hajui anaombwa nini, anasema Mungu atasaidia. Sema kitu, kiasi na siku. Mi siku hizi nasema hivi: "Shikamoo mama. Nimepungukiwa unga kilo mbili, baba watoto analipwa Ijumaa, ntaurudisha Jumamosi asubuhi." Akikosa yeye anakuelekeza kwa mwingine bila maneno mengi. Jumamosi asubuhi mtume mtoto na kilo mbili zake kabla hujaenda sokoni, na kama Ijumaa hela haikutoka, nenda mwenyewe Ijumaa jioni ukamwambie.