Namna ya Kuandaa Safari Binafsi ya Siku Moja kutoka Accra hadi Ngome za Elmina na Cape Coast

Ngome za Elmina na Cape Coast, katika pwani ya kati ya Ghana, zimepishana kwa kilomita 12 hivi, na mtu aliyelala Accra anaweza kuzitembelea zote mbili na kurudi siku hiyohiyo. Ninaandaa safari hizi kwa wageni wanaozungumza Kiswahili, na kila anayeniomba ushauri humwambia kwanza kwamba siku hiyo iwe ya ngome mbili tu. Waandaaji wengi huongezea hifadhi ya Kakum, yenye madaraja 7 ya kamba yaliyoning'inizwa katikati ya miti mirefu. Kakum ni pazuri na panastahili siku yake. Ukipachomeka katikati ya ngome hizi, kikundi huingia ngome ya pili kikiwa kimechoka, kikapita mbiombio mahali ambapo watu walifungiwa kwa majuma na miezi. Faida ya kukodi gari lenu wenyewe ni kwamba hakuna basi linalowasubiri, kwa hiyo muda huo utumieni ndani ya ngome.

Hatua ya kwanza: Chagua siku kabla ya kutafuta gari

Jumamosi ni siku ya mazishi nchini Ghana, na barabara ya pwani hujaa magari ya waombolezaji waliovaa nyeusi na nyekundu. Jumapili jioni hujaa watu wanaorejea Accra. Siku za katikati ya juma ni bora zaidi, ingawa katika mihula ya masomo mtakutana na mabasi ya wanafunzi, hasa kuanzia saa nne asubuhi. Mimi hupendelea Jumanne, kwa sababu kwa desturi wavuvi wa Elmina hawaendi baharini siku hiyo, na mitumbwi yao iliyopakwa rangi hubaki imefungwa ubavu kwa ubavu katika mlango wa wangwa wa Benya, chini kabisa ya ngome.

Kuna siku mbili za kuangaliwa kipekee. Jumanne ya kwanza ya Julai ni sikukuu ya Bakatue huko Elmina, na Jumamosi ya kwanza ya Septemba ni kilele cha Fetu Afahye huko Cape Coast. Ni sherehe za kupendeza kwa aliyekuja kuzishuhudia, lakini anayetaka kuzikagua ngome kwa utulivu achague tarehe nyingine.

Hatua ya pili: Kubalianeni na dereva kwa maandishi

Mtafute dereva au kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Utalii ya Ghana, kisha mwandikiane kila kitu, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Uliza kama bei aliyoitaja inajumuisha mafuta, viingilio vya ngome zote mbili, chakula chake cha mchana, na saa za ziada endapo foleni itawachelewesha. Migogoro mingi ninayoisikia huzaliwa na neno moja, "kila kitu", ambalo mgeni analielewa hivi na dereva vile. Mlipe sehemu ya fedha kabla ya safari, na salio mkisharudi.

Elewa pia kwamba dereva, hata awe mjuzi namna gani, kwa kawaida siye atakayewaongoza ndani. Ngome hizi zinasimamiwa na Bodi ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu ya Ghana, ambayo ina waongozaji wake, na huduma yao hujumuishwa katika kiingilio. Viwango hutofautiana kwa raia wa Ghana, wageni, wanafunzi na watoto, kwa hiyo mwanafunzi abebe kitambulisho chake. Bebeni sedi, yaani fedha ya Ghana, taslimu, kwa sababu si kila dirisha la malipo linapokea kadi za benki za kigeni.

Hatua ya tatu: Waandaeni wasafiri wote, hasa wazee na watoto

Ngazi ni nyingi, mawe ya sakafu yamelika na hayako sawa, na vyumba vya chini vina giza na unyevu. Kila mtu avae viatu vilivyofungwa visivyoteleza. Mwenye matatizo ya magoti anaweza kubaki uani wakati wengine wanapopanda kwenye makazi ya gavana, lakini ni vizuri alijue hilo mapema asije akajiona ameachwa. Mwenye hofu ya mahali palipobana amweleze mwongozaji kabla ya kuanza, kwani baadhi ya waongozaji hufunga mlango au kuzima taa kwa muda mfupi ili wageni waonje giza lenyewe.

Kuhusu watoto, uamuzi ni wa wazazi. Maoni yangu ni kwamba mtoto aelezwe nyumbani, kwa maneno ya mama au baba yake, kwamba mahali hapa watu walifungwa na kuuzwa, ili asilisikie jambo hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni, tena gizani.

Hatua ya nne: Ondokeni alfajiri

Kutoka Accra hadi Cape Coast ni kilomita 145 hivi, umbali usiotisha ukiutazama kwenye ramani. Tatizo ni Kasoa. Mji huo uko kwenye njia ya kutokea Accra upande wa magharibi, na foleni yake inaweza kula saa nzima ama zaidi. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, mpite Kasoa kabla jua halijapanda, na mtafika Elmina asubuhi wakati mwongozaji bado ana nguvu na ua bado una kivuli.

Baada ya Mankessim barabara huisogelea bahari. Mwombeni dereva apunguze mwendo Abandze, ambako Ngome ya Amsterdam iko juu ya kilima. Waingereza ndio walioianzisha katika karne ya 17, kisha Waholanzi wakaitwaa mwaka 1665. Kutokana na jina la Kormantin, mji wa jirani, watumwa wengi waliofikishwa Jamaika kutoka pwani hii waliitwa Wakoromanti. Mbele kidogo, katika mji wa Anomabo, mtaipita Ngome ya William iliyojengwa katika karne ya 18. Kuziona hizi mbili kutoka garini kunatosha kuwaonyesha jinsi ngome zilivyosongamana katika pwani hii, kampuni za mataifa ya Ulaya zikichungana kwa mizinga.

Hatua ya tano: Anzeni na Elmina

Ninashauri muipite Cape Coast kwanza bila kusimama, mwende moja kwa moja Elmina iliyo mbali zaidi, kisha mrudi nyuma. Kwa njia hiyo kila kituo kinawasogeza karibu na Accra. Lakini sababu kubwa ni historia yenyewe. Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482, zaidi ya miaka 100 kabla hawajajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na waliijenga kwa ajili ya dhahabu. Kiongozi wao, Diogo de Azambuja, alikuja na mafundi pamoja na mawe yaliyokwisha kuchongwa Ureno. Katika miaka ya mwanzo Wareno walileta watumwa Elmina kutoka pande za Benin na kuwauza kwa wafanyabiashara wa bara ili wapate dhahabu. Baadaye ndipo mkondo ukageuka, na watu wa bara wakawa ndio wanaopelekwa baharini. Mgeni anayeanzia hapa anaona jinsi ghala la biashara lilivyogeuzwa gereza, na akifika Cape Coast anaelewa kwa nini hata kanisa lilikaa juu ya vyumba vya mateka.

Kabla ya kuingia, vijana watawafuata kwenye maegesho wakiuliza majina yenu. Mkitoka, mtakuta majina hayo yameandikwa kwenye kombe za baharini mnazotakiwa kununua. Asiyetaka kununua ajibu salamu kwa heshima, asitaje jina, apite.

Mkutane na mwongozaji pembeni kabla ziara haijaanza. Waongozaji hutumia Kiingereza, na kwa kikundi cha Waswahili mtu mmoja hulazimika kutafsiri. Nimeona kwamba tafsiri haifai kufanywa ndani ya vyumba vya chini, ambako sauti hurudi kutoka ukutani na mbili zikizungumza pamoja hakuna inayosikika. Mwombeni mwongozaji aeleze yote mlangoni, mfasiri atafsiri kwa ukamilifu, halafu mwingie kimya na kutazama. Karibu wote hukubali, na wengi wao huongeza mambo ambayo wasingeyasema kwa kikundi chenye haraka.

Ndani ya Elmina tazameni ua wa wanawake. Ni mdogo, umezungukwa na vyumba walimofungiwa, na juu yake kuna roshani ya gavana. Waongozaji husimulia kwamba wanawake waliagizwa kusimama uani ili gavana achague mmoja, na kwamba aliyekataa alifungwa kwenye tufe zito la chuma ambalo bado lipo hapo chini. Mtu mmoja wa kikundi asimame pale penye tufe na mwingine apande kwenye roshani, kisha watazamane. Umbali kati yao ni mfupi kiasi kwamba wangeweza kuzungumza bila kupaza sauti, na maelezo yangu hayawezi kufikia kile kipimo cha macho.

Tazameni pia kile chumba ambacho juu ya mlango wake limechongwa fuvu na mifupa miwili, ambamo waliohukumiwa waliachwa wafe bila chakula. Ghorofani kuna chumba alichozuiliwa Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Waashanti, baada ya Waingereza kumkamata mwaka 1896. Kutoka hapa alipelekwa Sierra Leone, kisha Shelisheli, na hakurudi hadi 1924.

Mkimaliza, pandeni hadi ukutani mtazame kilima cha St. Jago ng'ambo ya maji. Waholanzi walipandisha mizinga juu yake mwaka 1637 wakaipiga ngome hadi Wareno wakasalimu amri, kisha nao wakajenga ngome ndogo kileleni ili mwingine asiwafanyie vivyo hivyo. Waholanzi walikaa hadi 1872 walipowaachia Waingereza. Uwanja ulio wazi kando ya ngome ndipo ulipokuwa mji wa zamani wa Elmina. Waingereza waliupiga kwa mizinga mwezi Juni 1873, na haukujengwa tena mahali pale. Wageni wengi huukanyaga uwanja huo wakielekea garini bila kuambiwa habari hiyo, kwa hiyo muulizeni mwongozaji.

Tengeni saa mbili kwa Elmina.

Hatua ya sita: Kuleni, mpumzike

Migahawa iko karibu na ngome zote mbili. Agizeni chakula kwa simu kabla ya kuingia ngomeni, kwani samaki wa kukaanga na banku, aina ya ugali wa unga uliochachushwa, huchukua muda kuandaliwa. Msipange mazungumzo ya furaha wala picha za pamoja saa hiyo. Wengine watahitaji kunyamaza, na waachwe wanyamaze.

Hatua ya saba: Cape Coast kabla ya saa nane mchana

Waswidi walianza ngome hapa mwaka 1653, nayo ikapita katika mikono kadhaa kabla Waingereza hawajaitwaa mwaka 1664. Wakaipanua sana katika karne iliyofuata, na ilikuwa makao yao makuu katika Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, hadi 1877 walipohamia Accra.

Vyumba vya chini vya wanaume ndivyo kiini cha ziara. Mtashuka kwa njia yenye mteremko, na mwanga utabaki nyuma yenu isipokuwa ule unaopenya kwenye matundu madogo yaliyo juu sana ukutani. Mwelekezeni mtoto au mzee kwa mkono. Mwongozaji akifika penye sehemu ya sakafu iliyofukuliwa, inameni muitazame. Matofali yanaonekana, yakiwa na mfereji uliokusudiwa kupitisha uchafu, na kando yake sakafu iliyobaki iko juu zaidi, nyeusi na ngumu. Tabaka hilo ni kinyesi, damu na mabaki ya watu, vikiwa vimeshindiliwa kwa miaka mingi ya kukanyagwa. Mgeni anayeambiwa jambo hilo akiwa bado amesimama juu yake hulisahau kwa shida. Juu ya vyumba hivi kulikuwa na kanisa.

Mtakuta mashada ya maua yaliyoachwa na wageni, na mara nyingine mtakuta watu wanaolia, wengi wao wakiwa wazao wa waliopelekwa Marekani na Karibiani. Msiwapige picha. Kupiga picha kwenyewe kuulizeni mapema, kwa kuwa hutozwa ada tofauti.

Kisha mtafikishwa kwenye Mlango wa Kutorudi, ambao mateka walipitishwa kwenda melini. Unafunguka kwenye ufuo uliojaa mitumbwi, nyavu na watoto wanaocheza mpira, kwa sababu wavuvi wanaendelea na kazi yao papo hapo. Kwa nje mlango huo umeandikwa Mlango wa Kurudi. Mwaka 1998 mabaki ya watumwa wawili, mmoja kutoka Jamaika na mwingine kutoka Marekani, yalipitishwa hapa kuingia ndani, yakaenda kuzikwa katika mji wa Assin Manso.

Uani msiliache kaburi la Philip Quaque, mwenyeji wa Cape Coast aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri wa Kianglikana, mwaka 1765. Alihudumu kama kasisi ndani ya ngome hii kwa takriban miaka 50, biashara ya watumwa ikiendelea chini ya miguu yake. Jumba la makumbusho lililomo ngomeni litazameni mwishoni, muda ukiruhusu.

Hatua ya nane: Kurudi

Ondokeni Cape Coast saa kumi au kumi na nusu jioni, maana barabara ya usiku ina malori mengi na sehemu zisizo na taa. Mkiwa mmeridhika na mwongozaji mpeni bahashishi yake mkononi, na ya dereva mtoe Accra pamoja na salio.

Wengine wakifika kwenye Mlango wa Kutorudi huomba kupelekwa Assin Manso siku hiyohiyo, kwenye mto ambao mateka waliogeshwa kabla ya mwendo wa mwisho kuelekea pwani. Uko kaskazini, barabara ya Kumasi, na hauwezi kuingia katika ratiba hii. Anayeutaka alale Cape Coast usiku mmoja aende asubuhi, na amwambie dereva tangu siku ya makubaliano, kwa kuwa malazi na chakula cha dereva usiku huo hulipwa na msafiri.