Jinsi ya Kuitambua Anwani Yako ya IP ya Umma Kabla ya Kulipia Ulinzi

Katika kazi yangu ya kufunga mitandao kwenye nyumba za wageni hapa Lamu, huulizwa mara kwa mara kama mtu wa mbali anaweza kuifikia nyumba akiwa na anwani ya IP peke yake, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Kabla ya kulipia programu yoyote ya ulinzi, fanya vipimo vifuatavyo.

Hatua ya 1. Fungua mipangilio ya Wi-Fi ya simu na usome anwani iliyopewa. Ikianza na 192.168 au 10, hiyo ni ya ndani na haitoki nje ya ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Ni mfano wa nyumba zetu za kale: mgeni hupokelewa dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, na vyumba vilivyo nyuma ya kiwanda, yaani ua wa ndani, havionekani kutoka njiani. Anwani ya umma ndiyo daka.

Hatua ya 2. Fungua tovuti inayomwonyesha mtu anwani yake ya umma, kisha uiandike pamoja na mji unaotajwa. Nilipopima katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni hapa Lamu, mji uliotajwa ulikuwa Nairobi, kwa sababu makadirio hayo hutegemea jinsi mtoa huduma anavyosajili na kugawa anwani zake. Anayeweza kujua ni mteja gani aliyeitumia saa fulani ni mtoa huduma mwenyewe.

Hatua ya 3. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chake, utafute namba iliyoandikwa WAN, yaani ya upande wa ruta unaoelekea intaneti, na uilinganishe na ile ya hatua ya 2. Zikilingana, daka ni lako peke yako. Zisipolingana, hasa ikiwa ya WAN iko kati ya 100.64 na 100.127, basi huenda unachangia anwani moja na wateja wengine, kwa kuwa anwani za IPv4, zile za kawaida zenye namba nne, ni takriban bilioni 4.3 tu duniani kote na hazitoshi. Ndiyo sababu tovuti inaweza kukuzuia kwa makosa ya mtu usiyemjua.

Hatua ya 4. Usitoke kwenye ukurasa huo kabla ya kubadilisha neno la siri lililokuja na ruta na kuzima usimamizi wa mbali, unaomwezesha mtu kubadilisha mipangilio ya ruta akiwa nje ya nyumba. Katika nyumba ile ya Langoni, kibandiko kilikuwa kimefifia kwa chumvi ya bahari, lakini neno la siri lilikuwa lilelile la siku ya kununuliwa. Kwangu mimi, hatari hii inatangulia nyingine zote.

Hatua ya 5. Ukiwasha VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya kampuni nyingine, rudia hatua ya 2. Anwani ibadilike, ingawa sasa mwenye VPN ndiye anayeona tovuti unazozuru, na tovuti uliyoingia kwa akaunti yako bado inakujua. Ukiona pia anwani ndefu yenye nukta pacha, hiyo ni IPv6, aina mpya zaidi ya anwani. Kama haikubadilika, VPN hiyo inavuja: tafuta inayobeba IPv6 au uzime IPv6 kwenye ruta.