Office imekataa kuingia kwenye kompyuta? Fuata njia hii kabla ya kulipa fundi

Ikiwa usakinishaji wa Microsoft Office umeganda katikati kisha kikatokea kisanduku cha kosa, usikifunge ukaanza upya. Utamaliza bando na kosa litarudi lile lile. Kwanza kipige picha kwa simu, na picha ioneshe vizuri namba ndogo iliyo chini. Namba hiyo ina maana. Kwa mfano, 0-1018 inakwambia kuna usakinishaji mwingine unaoendelea kwenye mashine hiyo hiyo, na mara nyingi ni Windows inayojisasisha. Hapo huna haja ya kufuta kitu. Ngoja sasisho limalize, zima na uwashe upya, kisha jaribu tena.

Pili, hakikisha leseni ni yako kweli. Kadi ya Office ina ufunguo wa tarakimu na herufi 25. Unauingiza mara moja tu, kwenye setup.office.com, ukiwa ndani ya akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo leseni imeshikamana na barua pepe ile, na kadi yenyewe haina kazi tena. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kadi ilisajiliwa saiba kwa barua pepe ya mhudumu, au mwenyewe ana anwani tatu na hajui alitumia ipi. Fungua akaunti yako, kwa namba yako ya simu, na nenosiri uliandike mahali salama. Office za kufunguliwa kwa vijiprogramu vya kughushi ufunguo nakusihi uziache. Vijiprogramu hivyo hubeba virusi, antivairasi ikivizuia usakinishaji unavunjika, na juu ya hayo ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001.

Sasa ikague mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone ni toleo gani. Office mpya haziingii kwenye Windows 7 wala 8. Fungua diski C uangalie nafasi: Microsoft inataka angalau GB 4, lakini mimi nakushauri usianze ukiwa na chini ya GB 10. Tazama pia saa na tarehe pembeni mwa skrini. Kompyuta iliyokaa miaka mingi huishiwa na ile betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, na kila ikizimwa tarehe inarudi nyuma. Tarehe ikiwa si sahihi, mashine haiaminiani na seva za Microsoft, na Office haitashuka hata intaneti ikiwa na nguvu kiasi gani. Betri hiyo, CR2032, haina bei kubwa na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Lakini kisababishi ninachotaka ukishuku kabla ya vyote ni Office ya zamani. Kompyuta nyingi tunazonunua hapa Mombasa ni za mitumba, zilizotumika kwenye maofisi ya ng'ambo, na ndani yake mna mabaki. Office hutolewa kwa aina mbili, ya biti 32 na ya biti 64, na hizo mbili hazikai pamoja. Ile mpya ikikuta alama ya ile kongwe inakataa. Nenda Settings, kisha Apps, kisha Installed apps, uandike Office kwenye kisanduku cha kutafutia, halafu urudie kwa kuandika Microsoft 365. Usishangae kuona Microsoft 365 mara tatu: moja imeishia na en-us, nyingine fr-fr, nyingine es-es. Ni programu ile ile kwa lugha tofauti, iliyowekwa kiwandani. Ziondoe zote, moja baada ya nyingine, na usiache hata moja. Barua na hesabu zako hazifutiki, ingawa kuweka nakala kwenye flashi kwanza ni busara. Zikigoma kutoka, tumia chombo cha Microsoft chenyewe cha kuondolea Office, kinapatikana bure kwenye support.microsoft.com. Ukimaliza, washa upya kabla ya kusakinisha. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayosafisha.

Kama mtandao unakatika au stima haina uhakika, achana na kisakinishi cha kawaida. Ingia kwenye akaunti yako, bonyeza Install, chagua Other options, kisha Download an offline installer. Faili ni kubwa, GB kadhaa, lakini unaweza kulipakua penye waifai nzuri, ulibebe kwa flashi, na kulifungua nyumbani Likoni au Kisauni bila kuhofia bando. Intaneti utaihitaji tu mwishoni, kwa kuthibitisha leseni.

Kompyuta ikiwa ya kazini, mamlaka ya kusakinisha anayo msimamizi wa mfumo. Muandikie ombi lililokamilika, ili asikurudishe kwa maswali:

"Kwa Afisa wa TEHAMA. Naomba kusakinishiwa Microsoft Office kwenye kompyuta ya mapokezi. Ni Windows 11, biti 64, nafasi iliyobaki GB 38. Leo asubuhi imetoa kosa 0-1018. Nimesubiri sasisho limalize na kuwasha upya, bado. Office ya zamani sijaiondoa kwa kuwa inadai nenosiri la msimamizi. Picha ya kosa nimeambatisha. Tunaihitaji kwa mishahara kabla ya Ijumaa."

Kompyuta ya nyumbani, omba msaada kupitia programu ya Get Help iliyo ndani ya Windows, ukitoa maelezo hayo hayo. Ujumbe wa kosa wa Microsoft hauwekwi namba ya simu kamwe. Ukiona dirisha linalokuhimiza upige simu upesi, ni matapeli. Usiwape nenosiri wala PIN ya M-Pesa.

Wakati unasubiri, barua ya kazi unaweza kuiandika bure kwenye Word ya mtandaoni kwa akaunti ile ile, au kwa LibreOffice, programu nyingine ya bure. Fomu ya Excel yenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha, haitafanya kazi kwenye Excel ya mtandaoni, kwa hiyo subiri usakinishaji kamili.

Office ikishaingia, fungua Word, bonyeza File, kisha Account. Ukiona Product Activated au Subscription Product, na barua pepe iliyo hapo ni yako, kazi imekwisha.