Somo: Kujiandaa na usajili wa jeshi, kutoka mtaani Nairobi hadi lango la Eldoret

Tangazo la usajili wa makuruta wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) likitoka, simu yangu hailali. Vijana wa mtaa, mama zao, hata makanga wa stejini Donholm hunishika bega: "Afande, sasa mimi unanisaidiaje?" Jibu ni lile lile. Sina nafasi mfukoni. Nilivua magwanda, nikarudi mtaani na goti bovu na sauti ya kufokea watu. Ninachoweza kukupa ni mpangilio, maana nimeona vijana wenye nguvu za punda wakirudishwa nyumbani kabla ya saa nne asubuhi kwa ajili ya karatasi moja, na wembamba waliojipanga wakapita.

(Kama umekuja kutafuta ile KDF nyingine, lile andazi gumu la kibandani, hilo halina usajili. Endelea na chai yako.)

Hatua ya 1: Jua unapita mlango upi

Jeshi la Ulinzi lina matawi matatu: la nchi kavu, la anga na la majini. Ila milango ya kuingilia ni mingine. Kuna kuruta wa kazi za kawaida, kuna mafundi wenye vyeti vya ufundi, na kuna maafisa, yaani makadeti pamoja na wataalamu kama madaktari na wahandisi wenye digrii.

Kwa kuruta wa kawaida, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka haya: uwe Mkenya, umri kati ya miaka 18 na 26, alama ya wastani ya D au zaidi kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, urefu usiopungua mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3. Uzito wa chini kwa mwanamume ni kilo 54.55, kwa mwanamke kilo 50. Usiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe na mimba siku ya usajili wala wakati wa mafunzo.

Kadeti wa kawaida anatakiwa kuwa na B ya wastani. Makadeti na mafundi huomba kwa mtandao kupitia Wizara ya Ulinzi. Kuruta wa kawaida huenda mwenyewe uwanjani, na miguu yake. Watu huchanganya hapa kila mwaka: mwenye B anapanga foleni ya makuruta kwa kuwa hakusoma tangazo hadi mwisho, na mwenye D anakesha saibakafe akijaza fomu isiyo yake.

Hatua ya 2: Karatasi, karatasi, karatasi

Mara ya kwanza nilikwama hapa. Shule yangu ilikuwa imekalia cheti changu kwa sababu ya salio la karo, shilingi elfu kumi na nne. Nikaenda uwanjani na nakala niliyotoa dukani. Afisa aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia. "Kijana, hii ni picha ya cheti." Basi. Sikupimwa urefu wala sikukimbia hata hatua moja. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na nauli mfukoni, nisikutane na mtu wa kuniuliza. Ilinibidi kusubiri mwaka mzima.

Leo Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inakataza shule kuzuia cheti cha mtihani. Nenda na mzazi, zungumza na mwalimu mkuu kwa adabu, na akikataa panda hadi ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ila nenda sasa. Wiki ya usajili kila mtu anakimbilia ofisi hizo hizo.

Weka kwenye bahasha moja kitambulisho halisi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, cheti cha kumaliza shule na vya ufundi kama unavyo, pamoja na nakala za kila kimoja. Kisha keti chini ulinganishe majina, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema "Mohamed" na cheti kinasema "Mohammed", usiseme ni mambo madogo. Pata hati ya kiapo kwa wakili mapema.

Cheti cha tabia njema, kile cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, nacho kinahitaji muda. Unalipia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu, halafu unapeleka vidole vyako kupakwa wino. Hapa mjini Huduma Centre ya GPO hufanya kazi hiyo, na makao makuu ya makachero, wanaotoa cheti chenyewe, yako barabara ya Kiambu.

Hatua ya 3: Mwili

Usianze kukimbia wiki moja kabla. Anza miezi mitatu kabla, polepole. Kikundi chetu cha mazoezi huzunguka uwanja wa Jacaranda alfajiri, kilomita tatu kwa wiki za mwanzo, kisha tano, na pushapu na kuchuchumaa katikati. Anayekuja na mbio za kuonyesha watu huwa ameketi kando ya barabara kabla jua halijatoka.

Uzito nao ujengwe kwa chakula, sio kwa hila. Kuna kijana wetu alikuwa na kilo 53. Asubuhi ya usajili akala ndizi saba, akashushia na lita mbili za maji, mizani ikamkubali. Dakika kumi baadaye wakaambiwa wakimbie. Ndizi zote saba zilibaki pale uwanjani, na yeye pia.

Meno! Watu hucheka nikisema, lakini utafunguliwa mdomo kama ng'ombe mnadani. Jino lililooza lizibwe mapema. Angalia na macho na masikio, na muulize daktari kuhusu nyayo zako kama ni bapa.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Tangazo hutaja uwanja na tarehe ya kila kituo. Fika kabla ya jua. Lala mapema, na ukiwa unatoka mbali na kituo, lala kwa jamaa aliye karibu badala ya kutegemea matatu ya kwanza.

Vaa kaptura ndani ya suruali, maana wanaume mtavua mashati na suruali. Foleni ni ndefu, vumbi jingi. Mtakaguliwa karatasi, mtapimwa urefu na uzito, mtakimbia, mtakaguliwa mwili: nyosha mikono, chuchumaa, geuka, onyesha nyayo. Mpangilio hutofautiana kutoka kituo hadi kituo. Anayepita huandikwa nambari kwa kalamu ya wino mzito. Usifute jasho ovyo, usije ukaifuta.

Ukiulizwa jambo, jibu kwa sauti na kwa ufupi. Usijieleze. Kijana wa Nairobi ana ugonjwa wa kujieleza.

Hatua ya 5: Barua

Barua ya mwito unapewa ukishateuliwa, bure. Haiuzwi. Nasema hivi kwa kuwa jirani yangu, mama wa watu, alikopa laki tatu kwenye chama chake cha akiba akampa mtu mwenye kofia ya kijeshi na lugha tamu. Akapewa barua yenye muhuri, nzuri hata kuliko yangu ya zamani. Mwanawe akanyolewa, akanunuliwa sanduku la chuma, majirani wakamwombea, akapanda basi hadi Eldoret. Langoni jina lake halikuwa kwenye orodha, na aliyekamatwa ni yeye. Mwenye kofia alizima simu. Mama bado analipa chama.

Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana makosa. Kifungo kinaweza kufika miaka 10, faini milioni 5.

Hatua ya 6: Ukishavuka lango

Makuruta hufunzwa Moi Barracks, Eldoret. Makadeti huenda Lanet, Nakuru. Baridi ya Eldoret ya alfajiri hakuna mtu wa Kayole aliyewahi kuisikia. Kipara siku ya kwanza, mestini ya bati ya kulia chakula, kitanda kinachotandikwa hadi shuka likae kama ubao, halafu afande anakivuruga kwa mkono mmoja na kusema "tena". Nilitandika mara tisa. Ya tisa haikuwa tofauti na ya kwanza. Nilichukua wiki mbili kuelewa kwamba shida haikuwa kitanda.

Kinachowaangusha wengi ni malengelenge ya miguu na kiburi, mbio ni za tatu. Usiku wa tatu kuruta mwenzangu, mtu wa misuli, alilia chini ya blanketi akidhani tumelala. Asubuhi hakuna aliyemtaja. Tulimaliza naye.

Maswali ya wanachama wa kikundi

*Afande shikamoo. Nimezaliwa Pumwani, nimekulia Huruma, lakini kitambulisho kinaonyesha Siaya kwa kina babu. Niende kituo kipi?* (Kijana wa Huruma)

Marahaba. Nafasi hugawanywa nchi nzima, na Katiba katika kifungu cha 241 inataka uongozi wa jeshi uakisi sura ya Kenya yote. Kitambulisho ndicho kitakachosema wewe ni wa wapi, kwa hiyo nenda pale kinaposema. Usijaribu Nairobi kwanza halafu ukimbilie Siaya kesho yake. Nauli uiweke kando kuanzia leo.

*Mimi ni msichana, kilo 51, mbio naweza. Mama anasema jeshi si la wanawake na sitaolewa.* (Dada wa Dandora)

Mama usibishane naye, mwonyeshe. Kadeti wa kike na wa kiume wanatembea gwaride moja, na wanawake wamepanda vyeo hadi ujenerali. Nakwambia ukweli mwingine: usitarajie kupunguziwa. Begi ni lile lile, na tope ni lile lile. Kuhusu kuolewa, wapishi wa uvumi mtaani watakuwepo hata ukiwa karani.

*Afande, mimi ni mzazi, Kibra. Mwanangu anataka kwenda, mimi naogopa Somalia. Niambie bila kunificha.* (Mama wa watatu)

Mama, sitakuficha. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na hadi sasa wanajeshi wa Kenya wamo katika ujumbe wa Umoja wa Afrika kule, jina la ujumbe tu ndilo limekuwa likibadilika. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde kule Somalia ilivamiwa alfajiri. Siku hiyo nilikuwa kambini hapa Nairobi. Tulikaa kwenye mesi, chai ikapoa, kila mtu akiangalia simu yake akitafuta jina. Mimi nilikuwa na majina mawili. Moja lilipiga simu baada ya siku tatu.

Si kila askari hupelekwa vitani. Wapo makanika, wapishi, wauguzi, wapiga tarumbeta, na wapo waliostaafu bila kufyatua risasi nje ya shabaha. Lakini anayekula kiapo hachagui anakopelekwa. Mkalishe mwanao umuulize kama anataka jeshi au anataka mshahara. Kama ni mshahara, kuna njia nyingine, na hakuna aibu. Akisema ni jeshi, mpe baraka, usimwache aende na hofu yako mgongoni.

*Nikikosa mwaka huu?* (Mwanachama wa Githurai)

Kama umri bado, rudi. Mimi nilirudi. Katikati ya hapo usikae kwenye jiwe la mtaa. Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa 1964, inachukua vijana na kuwapeleka Gilgil kwa kwata na baadaye ufundi. Au jifunze uchomeleaji, umeme, mabomba. Fundi mwenye cheti ana mlango wake, na akikosa mlango huo ana kazi.

*Mkuu, kuna ajenti mjini anasema kuna kazi ya ulinzi Urusi, dola nyingi, pasipoti analipia yeye. Hiyo si ni jeshi pia?* (Kijana wa Pipeline)

Hapana! Septemba 2025 polisi waliwatoa vijana zaidi ya 20 katika nyumba moja Athi River, waliokuwa wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi wakiwa wameahidiwa kazi. Wengine waliotangulia walijikuta mstari wa mbele Ukraine, wametia sahihi mkataba wa lugha wasiyoijua. Ajenti yeyote mtafute kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ukikosa jina lake, ondoka ofisini kwake, na pasipoti yako usiiache mezani.

Na kwa kuwa umeuliza: babu zetu walishawahi kuchukuliwa kupigana vita vya wengine. Wabeba mizigo wa vita vya kwanza vya dunia, "Carrier Corps" kwa Kiingereza, ndio walioupa mtaa wa Kariokor jina lake. Ukipita Kenyatta Avenue zitazame zile sanamu tatu za askari na mbebaji.

*Afande, viatu gani vya mazoezi? Sina pesa.* (Mwanachama mpya)

Soko la mitumba la Gikomba, asubuhi wakifungua marobota. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikirudi juu, nunua, ikibaki imebonyea, pita. Chukua saizi kubwa kidogo na uvae soksi mbili, ya ndani nyembamba. Tunaanza Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lete maji yako, mwaka jana mlinimalizia yangu.