Namna ya Kupika Makaroni ya Kuoka kwa Jodari wa Kopo

Chakula hiki kilipata umaarufu katika majiko ya Marekani ya karne ya 20, kwa kuwa karibu kila kilichohitajika kingeweza kukaa kabatini kwa miezi: makaroni makavu, samaki wa kopo, na supu nzito ya uyoga ambayo kampuni ya Campbell's ilianza kuiuza mwaka 1934 na ambayo wapishi wengi wa huko waliifanya kuwa sosi. Sisi hatuna haja ya kuihangaikia supu hiyo. Sosi ya maziwa, siagi na unga wa ngano hupikika kwa muda mfupi, ladha yake ni safi zaidi, na mpishi anajua kila alichokitia ndani. Jambo kubwa la kuzingatia kuanzia mwanzo hadi mwisho ni umajimaji, kwa sababu makaroni huendelea kunywa maji hata baada ya kuepuliwa, na asiyelihesabia hilo hutoa ovenini chakula kikavu kinachokwama kooni.

Kwa watu wanne wenye njaa, au sita wakiwapo na vyakula vingine mezani, tayarisha makaroni gramu 250, yaani nusu ya pakiti ya gramu 500. Makopo mawili ya jodari, yale ya gramu 170 au karibu na hapo. Kitunguu maji kimoja kikubwa, karoti moja na pilipili hoho moja. Kikombe kimoja cha njegere zilizokwisha kuchemshwa. Siagi gramu 50 na unga wa ngano gramu 50, ambao ni kama vijiko sita vya chakula vilivyosawazishwa. Maziwa mililita 750. Jibini ya cheddar gramu 150 iliyokwaruzwa. Vipande viwili vya mkate wa jana. Pilipili manga, chumvi na ndimu. Siagi ninayoitaja hapa ni ile ya maziwa, ingawa majarini nayo itafanya kazi ikiwa ndiyo iliyopo. Maziwa ya pakiti na maziwa ya unga yaliyokorogwa vizuri yanafaa sawasawa na maziwa mabichi, ila ukitumia mabichi yachemshe kwanza na usiutupe utando wa malai unaoelea juu.

Kuhusu samaki mwenyewe, chagua aliyehifadhiwa kwa mafuta kuliko wa maji ya chumvi, kwa sababu nyama yake hubaki laini ndani ya oveni na kijiko kimoja cha mafuta hayo kinaweza kutumika kukaangia vitunguu. Sehemu kubwa ya jodari wanaotiwa makopo duniani ni sehewa, samaki ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamfahamu vizuri, na katika mji wa Victoria, Shelisheli, kipo kiwanda cha kusindika jodari kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Kwa hiyo anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja anaweza kabisa kuacha kopo na kununua kipande cha sehewa au jodari mbichi cha nusu kilo, akakichemsha kwa chumvi, tangawizi na ndimu, kisha akakichambua. Lakini awe mwangalifu: samaki wa jamii hii akiachwa nje ya barafu kwa saa kadhaa hujenga histamini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, na inayomletea mlaji uwekundu wa uso, kuumwa kichwa na mapigo ya moyo kwenda mbio. Ikiwa hujui samaki amekaa juani kwa muda gani, kopo ni salama zaidi. Kopo nalo likiwa limevimba au linavuja, litupwe bila kuonjwa.

Anza kwa kuchemsha maji lita tatu pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Yakishachemka sana, tia makaroni, koroga mara moja yasigandie chini, na uyaepue dakika mbili au tatu kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Usitegemee saa peke yake. Chukua moja, likate katikati kwa kisu na ulitazame: ukiona kiini chembamba cheupe katikati ya nyama yake, na ukilitafuna likawa laini nje lakini lina ukinzani kidogo ndani, wakati umefika. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha maji hayo ya wanga na ukiweke kando, kisha chuja na usiyasuuze makaroni, maana wanga ulioyazunguka ndio utakaoishika sosi.

Sasa njoo kwenye sosi, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote. Katika sufuria pana yenye kitako kizito, yeyusha siagi pamoja na kijiko kimoja cha mafuta ya kopo la samaki, tia kitunguu kilichokatwakatwa kidogo kidogo na ukikaange kwa moto wa wastani hadi kilainike bila kuwa cha kahawia, kisha ongeza karoti iliyokwaruzwa na hoho. Vikilegea, nyunyizia unga na ukoroge kwa mwiko kwa dakika mbili mfululizo, mpaka harufu ya unga mbichi iondoke. Hatua hii haifai kurukwa: mafuta yanapozivika chembe za unga, huzizuia kushikamana zinapokutana na maziwa, na hapo ndipo mabuje yanapoepukwa.

Punguza moto, kisha mimina maziwa kidogo tu, kama robo kikombe. Yatanyweka papo hapo na mchanganyiko utageuka donge zito linaloachana na kuta za sufuria. Wapishi wengi huogopa wakifika hapa, wakamwaga maziwa yote kwa pupa, na ndivyo sosi inavyoharibika. Koroga donge hilo mpaka liwe nyororo, ongeza kiasi kama kile, koroga tena, na uendelee hivyo mpaka liwe rojo, ndipo uongeze yaliyobaki kwa wingi. Iache ichemke polepole kwa dakika nne au tano huku ukikoroga hadi pembeni mwa sufuria. Inapokuwa tayari inapaswa kuwa nyepesi kama uji wa kunywa, nyepesi kuliko utakavyopenda kuila, kwa kuwa makaroni yatakunywa sehemu yake ndani ya oveni. Ikiwa imekuwa nzito, ilegeze kwa yale maji ya wanga uliyoyaweka kando.

Epua sufuria kwanza, ndipo utie robo tatu ya jibini, kwa sababu jibini ikipata moto mkali huachia mafuta na kuwa nyuzi ngumu. Ikishayeyuka, ongeza njegere, pilipili manga na maji ya nusu ndimu, kisha makaroni. Samaki aingie mwisho, akiwa amechujwa vizuri, na achanganywe kwa kugeuzwa taratibu ili vipande vyake vibaki vikionekana. Akikorogwa kwa nguvu husagika na kuifanya sosi iwe ya kijivu. Chumvi nayo ionjwe wakati huu tu, kwa sababu samaki wa kopo na jibini vyote vina chumvi yake, na mara nyingi haihitajiki nyingine.

Mimina katika bakuli la kuokea lililopakwa siagi. Mkate uvunjevunje uwe chenga, zichanganye na kijiko kimoja cha siagi iliyoyeyushwa pamoja na jibini iliyobaki, kisha zitandaze juu. Oka kwa nyuzi joto 190 za selsiasi kwa dakika 20 hadi 25, mpaka sosi ionekane ikitokota pembeni na juu pawe na rangi ya dhahabu. Asiye na oveni atumie sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko bapa wa bati, kama anavyopalia moto mwokaji wa mkate wa kumimina. Achungulie baada ya dakika 15, maana makaa ya juu huunguza haraka. Ukishatoa, acha chakula kitulie kwa dakika kumi kabla ya kupakua ili sosi ishike.

Wapo wanaouliza kama tui la nazi linaweza kuchukua nafasi ya maziwa. Linaweza, na kwa sehewa mbichi linapendeza mno, lakini katika hali hiyo jibini iachwe kabisa, kwani ladha ya tui na ya jibini hushindana. Badala yake tia kitunguu saumu na pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, uiondoe kabla ya kuoka. Pembeni, kachumbari yenye ndimu ya kutosha ndiyo inayofaa kuliko saladi yoyote ya mayonezi, kwa vile chakula chenyewe tayari kina mafuta.

Kinachobaki kiingie kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu kitoke motoni, na kiliwe ndani ya siku mbili au tatu. Wakati wa kukipasha, nyunyizia vijiko viwili vitatu vya maziwa, funika, na ukipashe kwa moto mdogo hadi kifuke mvuke mpaka katikati.